Nani Alizima Huduma? Kwa Nini Jibu Huchukua Muda, na Wewe Ufanye Nini Ukingoja

Mwishoni mwa Julai 2023, Wakenya wengi walikwama kwa wakati mmoja. Aliyetaka kulipia pasipoti alikuta tovuti haifunguki. Aliyetaka tiketi ya treni ya kwenda Mombasa alikodolea macho ukurasa unaozunguka tu. Aliyeishiwa na stima alijaribu kununua tokeni kwa simu, na tokeni haikuja. Watalii waliokuwa wakiomba viza mtandaoni nao walishindwa, hadi serikali ikatangaza kwamba wangepewa viza wakishafika nchini.

Katikati ya mvurugo huo ulikuwa mfumo wa eCitizen. Hata mwezi mmoja haukuwa umeisha tangu Rais William Ruto azindue rasmi, tarehe 30 Juni 2023, huduma za serikali zipatazo 5,000 katika mfumo huo. Kundi linalojiita Anonymous Sudan likajitokeza kwenye Telegram likasema, "Ni sisi." Sababu waliyoitoa ni kwamba Kenya ilikuwa inaingilia mambo ya Sudan. Waziri wa mawasiliano wa wakati huo, Eliud Owalo, alithibitisha kwamba eCitizen ilishambuliwa, lakini akasema hakuna data iliyopotea.

Siku hizo kila mteja alikuwa na maswali mawili. La kwanza: nani ametufanyia hivi? La pili: je, pesa zangu ziko salama? Swali la pili lina jibu fupi, na tutakupa hivi punde. Swali la kwanza lilichukua karibu miezi 15 kupata jibu ambalo lingeweza kupelekwa mahakamani. Makala haya yanaeleza kwa nini jibu huchelewa hivyo, nchi mbalimbali zinafanya nini ili kuchelewa huko kusilete ugomvi, na wewe mteja ufanye nini katika muda huo wa kungoja. Maana muda huo ndio matapeli wanaoupenda zaidi.

Foleni ya watu wasionunua kitu

Hebu fikiria wakala wa mtaani kwako. Kibanda ni kidogo, dirisha ni moja. Asubuhi moja wanakuja watu elfu moja, wanapanga foleni, na kila mmoja akifika dirishani anauliza swali moja tu: "Leo mnafungua?" Akijibiwa anarudi nyuma ya foleni na kuanza upya. Wewe uliyekuja kutoa shilingi 500 za karo huwezi hata kulifikia dirisha.

Hivyo ndivyo shambulizi la eCitizen lilivyofanya kazi. Kompyuta nyingi zinaelekezwa kutuma maombi ya uongo kwa seva moja kwa wakati mmoja, mpaka seva inalemewa na kushindwa kumhudumia mteja wa kweli. Mshambuliaji hahitaji kuvunja kufuli lolote. Kazi yake ni kuziba mlango tu.

Na hapo ndipo jibu la swali la pili lilipo. Mlango ukizibwa, sanduku la ndani halijafunguliwa. Salio lako halikai hewani likisubiri kuokotwa. Limeandikwa katika rekodi za kampuni, na kuchelewa kwa huduma hakubadilishi rekodi hiyo. Muamala ulioukatiza katikati unaweza kukusumbua, na ni haki yako kuufuatilia. Lakini kufurika kwa maombi peke yake hakumpi mtu PIN yako. PIN hutoka kwa njia nyingine, na mara nyingi ni mwenyewe anayeitaja baada ya kudanganywa.

Hii haimaanishi kwamba mashambulizi yote ni ya namna hiyo. Yapo ya kuingia ndani kabisa na kuondoka na pesa, na mfano wake tutauona. Ndiyo maana ukisikia neno "tumeshambuliwa", swali la kwanza la busara ni: je, wameziba mlango au wameingia ndani?

"Nani" ni maswali matatu ndani ya moja

Sasa turudi kwa swali gumu. Mtu akipokea simu ya utapeli, kitu cha kwanza anachosema ni, "Namba si ipo? Si mumshike mwenye hiyo namba?" Lakini wewe unajua jinsi mambo yalivyo. Laini inaweza kuwa imesajiliwa kwa kitambulisho kilichoibwa. Aliyeandikwa kwenye usajili huenda ni mzee fulani kijijini ambaye hajawahi kuishika laini hiyo mkononi. Na hata ukimpata aliyepiga, huenda alikuwa akimfanyia kazi mtu mwingine.

Kwenye mashambulizi ya mtandaoni ni vivyo hivyo, ila kwa ukubwa wa dunia. Wachunguzi wanapaswa kujibu maswali matatu kwa mpangilio.

Mashine ipi? Kila kifaa kwenye intaneti kina anwani yake, lakini mshambuliaji hukodisha au huteka kompyuta za watu wengine. Shambulizi linaweza kuonekana limetoka nchi tatu tofauti, na wenye kompyuta hizo wakawa hawana habari.

Mtu yupi? Hapa wanatafuta alama za mkono: namna programu haribifu ilivyoandikwa, barua pepe iliyotumika kukodi seva, saa ambazo watu hao hufanya kazi, akaunti zao za Telegram, na mahali walipolipia vifaa vyao.

Nani amemtuma? Hili ndilo swali zito kuliko yote. Je, ni kijana anayejitafutia sifa, genge la kutafuta pesa, au ofisi ya serikali fulani? Kompyuta yenyewe haiwezi kujibu hili. Jibu hupatikana kwa kuunganisha ushahidi wa mitambo na kazi ya wapelelezi na taarifa za kijasusi, na mara nyingi serikali zinazojua hazitaki kueleza zilijuaje.

Ukiruka swali moja ukakimbilia la tatu, unaweza kumlaumu asiyehusika. Na nchi ikimlaumu asiyehusika, hasara yake si ndogo.

Waliotajwa kabla ya ushahidi kutimia

Februari 1998, kompyuta za jeshi la Marekani ziliingiliwa na watu wasiojulikana. Wakati huohuo Marekani ilikuwa kwenye mvutano mkali na Iraq ya Saddam Hussein, na majeshi yalikuwa yakijiandaa kwa uwezekano wa kushambulia. Baadhi ya njia za wavamizi zilipitia Mashariki ya Kati. Maafisa wengi wakaona picha imekamilika: hii lazima ni Iraq. Uchunguzi ulipofika mwisho, waliopatikana walikuwa vijana wawili wa California na kijana mwingine wa Israel aliyekuwa akiwafundisha. Tukio hilo hujulikana kwa jina la Solar Sunrise, na hadi leo hutajwa kila mara watu wanapojadili hatari ya kuharakisha lawama.

Miaka 20 baadaye lilitokea jambo la ujanja zaidi. Tarehe 9 Februari 2018, usiku wa ufunguzi wa michezo ya Olimpiki ya majira ya baridi huko Pyeongchang, Korea Kusini, mitambo ya waandalizi ilishambuliwa. Tovuti ya michezo ikazimika, watu wakashindwa kuchapisha tiketi zao. Ndani ya programu iliyotumika kulikuwa na alama zinazofanana na za wadukuzi wa Korea Kaskazini. Jirani hasimu, mashindano ya jirani yake, alama zake zimeachwa pale pale. Ni nani asingeamini?

Lakini wataalamu walipozichunguza alama hizo kwa makini, waligundua zilikuwa zimepandikizwa makusudi. Ni kama mwizi kuacha kofia ya jirani yako mlangoni. Oktoba 2020 Marekani iliwafungulia mashtaka maafisa sita wa ujasusi wa kijeshi wa Urusi, na shambulizi hilo likiwa miongoni mwa tuhuma. Urusi imekana.

Je, Anonymous Sudan nao? Tangu mapema mwaka 2023 baadhi ya wachambuzi walikuwa wakisema kwamba hilo jina la Sudan ni barakoa tu, na kwamba nyuma yake iko Urusi. Walikuwa na hoja zao: kundi lilishirikiana na kundi la Killnet linaloiunga mkono Urusi, na lililenga nchi kama Sweden wakati ikiomba kuingia NATO. Kisha tarehe 16 Oktoba 2024, Idara ya Sheria ya Marekani ikafichua mashtaka dhidi ya ndugu wawili, raia wa Sudan, mmoja wa miaka 22 na mwingine wa miaka 27. Kulingana na waendesha mashtaka, kundi lao lilifanya zaidi ya mashambulizi 35,000 kwa muda wa mwaka mmoja, moja likiwa dhidi ya hospitali ya Cedars-Sinai huko Los Angeles, ambako wagonjwa wa dharura walilazimika kupelekwa kwingine kwa saa kadhaa. Machi 2024 wapelelezi walikuwa tayari wameuteka mtambo wa mashambulizi yao.

Mashtaka si hukumu, na mtuhumiwa hana hatia mpaka mahakama iseme. Lakini tazama umbali kati ya fununu ya mwanzo na hati iliyofika mahakamani. Wengi walikuwa wakitafuta nchi kubwa nyuma ya pazia. Wachunguzi wakaja na ndugu wawili.

Sasa rudi Julai 2023 ujiulize. Vita vya Sudan vilikuwa vimeanza tarehe 15 Aprili mwaka huo. IGAD ilikuwa imeipa Kenya uongozi wa kundi la nchi nne za kutafuta amani, pamoja na Ethiopia, Djibouti na Sudan Kusini, na jeshi la Sudan lilikuwa limemkataa Rais Ruto kuwa mwenyekiti likidai anaegemea upande mmoja. Uhusiano ulikuwa umeshachafuka. Tuseme siku ile Nairobi ingeamini mara moja kwamba ni serikali ya Khartoum iliyozima eCitizen, ikajibu kwa hasira. Nani angeumia? Wapiganapo tembo, ziumiazo ni nyasi. Wangeumia wafanyabiashara wanaotuma mizigo, wanafunzi, wakimbizi, na familia zinazotumiana pesa kuvuka mipaka.

Kutaja jina ni uamuzi wa kisiasa pia

Kuna jambo lingine linalowachanganya watu. Hata ushahidi ukiwepo, nchi iliyoshambuliwa inaweza kuamua kukaa kimya, na nyingine ikaamua kupiga kelele.

Mwezi Mei 2023, miezi miwili tu kabla ya sakata la eCitizen, shirika la habari la Reuters liliripoti kwamba wadukuzi wanaohusishwa na China walikuwa wamezilenga wizara na idara za serikali ya Kenya kwa miaka kadhaa, huku suala la madeni likitajwa kuwa moja ya sababu. Ubalozi wa China ulikanusha. Serikali ya Kenya nayo ikasema habari hiyo ichukuliwe kama propaganda.

Hatuko hapa kuamua nani alisema kweli. Tunataka uone tu kwamba maneno "imethibitishwa kuwa ni nchi fulani" yana uzito tofauti kulingana na anayeyasema. Kampuni ya usalama inaweza kusema. Gazeti linaweza kusema. Serikali inaposema, inajua kesho yake italazimika kukaa meza moja na huyo iliyemtaja, kuzungumzia biashara, mikopo na reli. Kwa hiyo ukiona habari kama hizo kwenye kundi lako la WhatsApp, uliza mambo matatu: nani amesema, ameonyesha ushahidi gani, na aliyetajwa amejibuje.

Bilioni moja, wikendi moja, na simu isiyopokelewa

Tuliahidi mfano wa wale wanaoingia ndani. Huu hapa, na kwa yeyote anayeshughulika na pesa ni vizuri aujue.

Usiku wa Alhamisi tarehe 4 Februari 2016, wadukuzi waliokuwa wamejificha kwa muda ndani ya kompyuta za Benki Kuu ya Bangladesh walianza kutuma maagizo kwa Benki ya Akiba ya Marekani tawi la New York, ambako Bangladesh huweka akiba yake ya dola. Maagizo hayo, yaliyopitia mfumo wa SWIFT ambao benki hutumia kuwasiliana, yalikuwa ya jumla ya karibu dola bilioni moja.

Siku hawakuichagua kwa bahati. Bangladesh, Ijumaa na Jumamosi ni mapumziko. Wafanyakazi walipogutuka, ilikuwa wikendi New York. Na Jumatatu ilipofika, Manila walikuwa kwenye sikukuu ya mwaka mpya wa Kichina. Watu wa Bangladesh walijaribu kuwafikia wenzao wa New York wikendi hiyo wasipate wa kuwasikiliza. Dola milioni 20 zilizotumwa Sri Lanka ziliokolewa kwa sababu mwizi alikosea tahajia ya jina la shirika la kupokea, mfanyakazi wa benki akashtuka. Maagizo mengi mengine yalizuiwa. Lakini dola milioni 81 zilifika kwenye akaunti za benki moja Manila, zikapelekwa kwenye kasino, na sehemu kubwa ikapotelea huko.

Marekani ilikuja kumfungulia mashtaka mwanaprogramu mmoja raia wa Korea Kaskazini mnamo Septemba 2018, yaani baada ya miaka miwili na nusu. Korea Kaskazini ilikana. Wachunguzi walikuwa wamefuata uzi wa akaunti za barua pepe na vipande vya programu vilivyokuwa vimetumika pia kwingine, likiwemo shambulizi la WannaCry la Mei 2017 lililosumbua hospitali za Uingereza.

Ona kitu kimoja katika hadithi hii. Kumjua mwizi kulichukua miaka. Lakini kusimamisha pesa kulihitaji saa chache tu na mtu mmoja wa kupokea simu. Kilichokosekana wikendi ile ni namba inayojulikana, yenye mtu upande wa pili anayekufahamu na kukuamini. Baada ya tukio, benki ya New York iliweka laini ya dharura ya saa 24 kwa ajili ya wateja wake.

Nchi nazo zinatafuta namba ya kupiga

Hilo ndilo jambo ambalo mataifa yamekuwa yakijifunza pole pole: kuaminiana hujengwa kabla ya tatizo, kwa mambo madogo madogo yanayochosha. Nani wa kupigiwa? Atajibu kwa muda gani? Tutajuaje kwamba ni yeye kweli?

Mwaka 2013 Marekani na Urusi, pamoja na uhasama wao wote, zilikubaliana kuwa na laini ya moja kwa moja ya kuzungumzia matukio ya mtandaoni, kwa kutumia vituo vilevile vilivyoundwa kupunguza hatari ya vita vya nyuklia. Mwaka huohuo nchi za Shirika la Usalama na Ushirikiano la Ulaya zilikubali hatua za kwanza za kujengeana imani: kila nchi itaje ofisi inayohusika, ieleze sera zake, na ikubali kuulizwa pale jirani anapokuwa na wasiwasi.

Katika Umoja wa Mataifa, kundi la wataalamu kutoka nchi 20, Kenya ikiwemo, lilikubaliana mwaka 2015 kanuni 11 za mwenendo mwema. Hazina polisi wa kuzilazimisha, lakini zinaeleweka hata kwa mtu wa kawaida. Usishambulie miundombinu ambayo watu wanaitegemea, kama umeme na hospitali. Usiruhusu kwa kujua ardhi yako itumike kuwashambulia wengine. Mwenzako akishambuliwa na akaomba msaada, msaidie. Na moja inahusu hasa mada yetu: tukio likitokea, nchi izingatie taarifa zote, mazingira yote, na ugumu wa kumtambua mhusika, kabla ya kunyoosha kidole.

Mei 2024 Umoja wa Mataifa ulizindua orodha ya dunia ya watu wa kuwasiliana nao, ambamo kila nchi inaweza kuandikisha ofisi yake ya kidiplomasia na ya kitaalamu. Julai 2025 nchi wanachama zilikubaliana kuunda jukwaa la kudumu la kuendeleza mazungumzo haya. Kwa upande wetu, mkataba wa Umoja wa Afrika kuhusu usalama wa mtandao na ulinzi wa data, uliopitishwa Malabo mwaka 2014, ulianza kutumika rasmi Juni 2023 baada ya nchi 15 kuuridhia. Hapa nyumbani, kituo cha kitaifa cha kushughulikia matukio ya mtandaoni, KE-CIRT, kiko chini ya Mamlaka ya Mawasiliano.

Je, haya yamezuia mashambulizi? La hasha. Baadhi ya nchi zilizokubali kanuni za 2015 zimelaumiwa baadaye kwa kuzivunja. Orodha ya namba haimzuii mwizi. Ila inasaidia pale ambapo hasira zimepanda na ushahidi haujakamilika. Nchi inaweza kupiga simu na kusema, "Shambulizi linapitia kwenye seva zilizo kwenu. Mnalijua? Tusaidieni kulizima." Aliye upande wa pili akisaidia haraka, wasiwasi unapungua. Akikataa au akinyamaza, hilo nalo ni taarifa. Vyovyote iwavyo, huduma zinarudi mapema, na hakuna aliyelipiza kisasi kwa mtu asiyehusika.

Na wewe, sistimu ikianguka?

Huenda unasema, haya ni mambo ya marais na mabalozi, mimi niko sokoni Gikomba na simu yangu. Lakini ukiangalia vizuri, wanachojaribu kufanya wao ndicho tunachokuomba wewe ufanye: usiamini haraka, usilaumu haraka, na uwe na namba unayoijua kabla ya shida kuja.

Huduma zikizimika, fununu hujaza nafasi. Atakuja mtu atakwambia yeye anatoka "kitengo cha usalama", kwamba wadukuzi kutoka nchi fulani wameingia, na kwamba akaunti yako itafungwa usipothibitisha PIN sasa hivi. Hadithi yake itafanana na habari za siku hiyo, kwa sababu ameisoma kama wewe ulivyoisoma. Mwingine atatuma kiungo cha "kurejesha huduma". Mwingine atasema alikutumia pesa kimakosa wakati wa mvurugo, na kukuonyesha ujumbe wa kughushi. Basi shika haya:

1. Usirudie muamala mara tano. Subiri ujumbe wa kuthibitisha, kisha angalia salio kwanza. Ukirudia rudia, huenda mtandao ukirudi muamala ukapita zaidi ya mara moja.

2. Kata simu, kisha wewe ndiye upige. Tumia namba ya huduma kwa wateja iliyo kwenye tovuti rasmi au kwenye apu yako. Namba aliyokutumia anayekupigia usiitumie. Hii ndiyo orodha yako ndogo ya namba za kuaminika. Ihifadhi leo huduma zikiwa sawa.

3. PIN haithibitishi chochote kwa njia ya simu. Hakuna mfanyakazi wetu, polisi wala afisa wa serikali anayehitaji kuijua, iwe kumeshambuliwa au la.

4. Ukiambiwa pesa zimeingia kwako kimakosa, usirudishe kwa kutuma mwenyewe. Angalia salio halisi, kisha mwachie huduma kwa wateja washughulikie.

5. Andika. Hifadhi namba ya muamala, saa, na picha ya skrini. Kesi zote ulizosoma hapo juu zilifumbuliwa kwa rekodi ndogo ndogo za namna hiyo.

6. Usisambaze jina la mhusika ambalo hujui limetoka wapi. Ukiwaambia watu mia mbili kwenye kundi kwamba ni nchi fulani au kabila fulani, huwezi kuwafuata wote kuwasahihisha taarifa ikibadilika.

7. Weka akiba ya njia nyingine. Noti chache nyumbani, tokeni za stima zilizonunuliwa mapema, na nauli ya siku moja mfukoni zinakupa utulivu wa kungoja.

Kampuni yako nayo ina wajibu wake kwako. Una haki ya kuambiwa mapema kwamba kuna tatizo, kuambiwa kama ni mlango umezibwa au kuna aliyeingia, na kama data yako binafsi imeguswa, sheria ya ulinzi wa data ya mwaka 2019 inataka ujulishwe. Uliza maswali hayo bila woga. Tukikujibu "bado tunachunguza", wakati mwingine hilo ndilo jibu la kweli zaidi tulilo nalo siku hiyo. Lakini lisigeuke kuwa jibu la kila siku: endelea kuuliza mpaka upewe maelezo kamili.